Mpagazi wa Wati Mia Sita

Benchi letu liko ubavuni mwa mashine ya kusaga, pale barabara ya Kwihara inapoachana na ya stesheni. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na mbele yake kuna meko yangu, dele la kahawa na ndoo ya kuoshea vikombe. Mimi ni Mfaume. Kahawa ni yangu, maneno ni ya wateja, na mara nyingi maneno ndiyo machungu zaidi. Wakaaji wa kudumu ni watatu. Mzee Majidi alipakia mabehewa stesheni miaka thelathini, tunamwita Frasila kwa sababu hakuna mazungumzo asiyoyafikisha kwenye mizigo ya wapagazi wa zamani. Idrisa ni muuza asali, jina lake Mizani, na mizani yenyewe ya kuning'iniza haimtoki begani. Valentino alikaa Dar es Salaam miezi minne akarudi anaitwa Kariakoo. Mwisho wa ubao, upande wa ukutani, pana nafasi ambayo haikaliwi tangu Machi. Hapo alikuwa anakaa Ambrosi, mwalimu wa kwaya ya Kwihara, kila alipoingia mjini na baiskeli yake. Tukianza kupigiana kelele alikuwa anainua kidole na kusema, “Hewa kwanza,” vile vile alivyowaambia wanakwaya wake kabla ya kuimba, na sisi watu wazima tulikuwa tunavuta pumzi na kunyamaza.

Ijumaa hiyo, baada ya swala ya alasiri, Deus wa studio alikuja amekumbatia kompyuta yake akaitua juu ya kigoda changu bila kuniomba. Sikumgombeza. Jumapili ilikuwa siku ya kusimika msalaba kwenye kaburi la Ambrosi, na wote pale tulijua ndani ya mashine ile kuna nini. Deus aliirekodi kwaya ya Kwihara mwezi wa kwanza, na ndiyo mara pekee Ambrosi alipowahi kurekodiwa. Mjane wake, Advera, alikuja hapa hapa kwenye benchi akaomba kitu kimoja, kwamba siku ya msalaba watu wamsikie Ambrosi tena. Deus akamwambia hata kuonekana ataonekana, mkubwa wa ukuta mzima. Sisi tukashangilia. Deus akaagiza kadi ya picha ya mtumba kutoka Dar, yenye feni mbili, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inakwamakwama kwenye picha kubwa. Ile ya zamani akaiacha kwa muuzaji.

Deus: Imezima tena. Mara ya saba leo.

Kariakoo: Inazima au inalala?

Deus: Inazima, kaka. Ukiiacha bila kazi inakaa hata saa nzima. Nikianza tu kuitengeneza video, kadi ikavuta umeme, tap! Giza.

Frasila: Huyo ni mpagazi.

Deus: Shikamoo, mzee.

Frasila: Marahaba. Huyo ni mpagazi, nakwambia. Hilo sanduku la chuma mlilomwekea, lile la kugawa umeme, mnaliitaje?

Deus: Pawasaplai.

Frasila: Basi huyo. Babu yangu alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani. Siku ya kuchagua wapagazi, kila kijana alikuwa anainua mzigo mbele ya watu. Kuinua kila mtu anainua. Msimamizi mwenye akili hakuangalia nani ameinua, aliangalia nani bado anao begani wakifika Tura, mwendo wa siku kadhaa. Huyo wako anainua tu. Tura hafiki.

Mizani: Mzee wangu, nakuheshimu, lakini huyo mpagazi nilimpima mimi. Kilo mbili na robo. Mtu wa kilo mbili na robo hashindwi kufika Tura.

Hapo inabidi niseme lililotokea wiki tatu nyuma, maana sisi tulikuwamo. Boksi la ile kadi liliandikwa kwamba mashine iwe na pawasaplai ya wati mia tano na hamsini. Ile ya Deus ilikuwa ya mia tatu. Akaenda madukani, akarudi hapa na mbili za kuchagua. Moja nyepesi, ya wati mia tano na hamsini kamili. Nyingine nzito, imeandikwa mia sita. Mtaa huu kitu hakinunuliwi bila kupita kwenye mizani ya Idrisa. Nyama, misumari, simu, hata godoro la marehemu mama yangu lilipimwa. Idrisa akazining'iniza zote mbili kwenye ndoano ya asali. Nyepesi, kilo moja na nusu. Nzito, mbili na robo. Tukapiga makofi. Deus alikuwa anaelekea kwenye ile nyepesi, alikuwa ameigeuza anasoma maandishi yake madogo, nami ndiye niliyemwambia, “Kijana, acha kusoma, shika uone.” Maneno hayo ni yangu. Siwezi kuyasukumia kwa mtu mwingine.

Kariakoo: Mnahangaika bure. Town tunafunga mbili. Moja inabeba kadi, nyingine inabeba mashine. Pawasaplai ya zamani si unayo?

Deus: Ninayo. Lakini kufunga mbili kienyeji naweza kuunguza vyote, mpaka diski. Na kwenye diski ndiyo yumo.

Kwa hilo neno sote tukaigeukia kompyuta. Yumo.

Mizani: Kosa haliko kwenye pawasaplai. Kosa ni umeme wenyewe. Unatoka mbali, unapita mapori, unafika hapa umechoka. Wati mia sita za kiwandani, Tabora ni mia nne.

Kariakoo: Mzee, umeme hauchoki.

Mizani: Taa ya nyumbani kwako saa moja jioni inawaka rangi gani?

Kariakoo: Njano.

Mizani: Sasa hapo umepumzika huo?

Frasila: Basi uzimwe mzigo mwingine. Msafara ukielemewa unaacha vyombo njiani. Watu wa mtaa wazime friji, wazime pasi, mashine hii ya kusaga isimame. Deus abaki peke yake na umeme wote.

Kariakoo: Na betri ya bajaji tuiweke pembeni, ikielemewa ile, hii inapokea.

Frasila: Sawasawa. Msafara mzuri ulikuwa na mtu mmoja anayetembea mikono mitupu, kazi yake kupokezana.

Deus: Wazee wangu, tafadhali. Jumapili ni keshokutwa.

Mizani: Pengine iwekwe ndani ya mtungi wa maji. Nje ya mtungi, namaanisha. Ubaridi uipate.

Kariakoo: Hiyo kadi ilitumika huko kwenye theluji, mzee, ndiyo maana inazimia. Mimi nilisema tangu mwanzo. Mtumba wa baridi hauwezi Tabora mwezi wa tisa.

Mizani: Hukusema. Siku ile ulikuwa unakula karanga za Mfaume, hukusema chochote!

Kariakoo: Nilisema!

Mizani: Muongo wewe, tangu urudi na hilo jina lako!

Wakasimama. Frasila naye akaanza kugonga fimbo chini. Nikajikuta nimeinua kidole changu, na neno la Ambrosi limefika mdomoni, nikalimeza. Sikuwa na haki nalo. Wakaniona, wakaelewa, wakakaa. Frasila akatazama ile nafasi ya ukutani, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya chini.

Frasila: Nitasema kitu, msinicheke. Yule bwana alikuwa mtu wa chini. Kanisani hakukaa mbele. Picha ya kwaya ukiitazama, amesimama pembeni, nusu amekatwa. Sasa nyinyi mnataka kumfanya mkubwa wa ukuta mzima. Kila mkifika hapo, giza. Mara saba. Labda hataki.

Hakuna aliyecheka.

Frasila: Mbona harusi ya Najiat haikuzima hata mara moja?

Deus: Harusi ya Najiat niliifanya na kadi ya zamani, mzee.

Frasila: Ah.

Kahawa ilikuwa imebaki kidogo tu ndani ya dele. Nikawamiminia vikombe vya nusunusu. Nilichoshwa na kelele na nilichoshwa zaidi na aibu yangu, kwa hiyo nikamwambia Deus afungue ubavu wa mashine anisomee ile stika ya pawasaplai yote, mpaka maandishi ya mwisho. Nilimkataza kusoma wiki tatu zilizopita. Angalau sasa asome.

Deus: Juu, kwa wino mkubwa, wati mia sita.

Mimi: Hiyo tunaijua. Chini yake?

Deus: Chini kuna njia za umeme, moja moja. Volti tatu na pointi tatu. Volti tano. Hizi hazihusiani na kadi. Kadi inakula kwenye njia ya volti kumi na mbili.

Mimi: Hiyo ya kumi na mbili imeandikwa nini?

Akakaza macho. Akaisogeza mashine kwenye mwanga. Halafu akaokota kipande cha mkaa mekoni kwangu akaandika kwenye ubao wa benchi, kumi na mbili mara kumi na nane.

Deus: Ampea kumi na nane. Zidisha kwa volti kumi na mbili. Mia mbili na kumi na sita.

Kariakoo: Mia mbili na kumi na sita nini?

Deus: Wati. Ndizo inazoweza kuipa kadi na prosesa, ule ubongo wa mashine, kwa pamoja. Kadi peke yake inataka mia moja na sabini. Prosesa tisini na tano.

Akajumlisha kwa mkaa. Mia mbili sitini na tano. Hata mimi niliyeishia darasa la saba niliona hapo hapo kwamba mzigo umempita mbebaji.

Mizani: Na hizo mia sita?

Deus: Zimeandikwa tu.

Mizani: Haiwezekani. Kilo mbili na robo! Uzito huo umetoka wapi?

Deus akasema mashine haijachomekwa tangu mchana, lakini ndani ya lile sanduku kuna vitu vinavyotunza umeme, mtu asitie kidole. Akaling'oa, akafungua skrubu nne, akainua kifuniko. Tukainamisha vichwa wote. Upande mmoja kulikuwa na nyaya chache na feni. Upande wa pili kulikuwa na kitu kimezungushiwa utepe mweusi, ukubwa wa sabuni ya mche iliyokatwa nusu. Deus akakitoa kwa koleo, akachana utepe. Ilikuwa saruji. Kipande cha saruji kilichomiminwa vizuri, pembe zake zimenyooka, fundi wake hakuwa na haraka.

Mizani akanyanyuka. Aliteremsha mizani begani, akaifunga ile saruji kwa kamba, akaining'iniza kwenye ndoano yake ya asali. Kilo moja na robo. Akaitazama mpaka mshale ukatulia kabisa, na alipokaa chini alikaa kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

Mizani: Miaka ishirini na miwili nanunua asali maporini. Mtu akiniletea dumu, mizani naiweka pembeni kwanza. Nanusa, naonja, nadondoshea kwenye karatasi. Dumu lenye maji ya sukari silipokei hata liwe zito namna gani. Watoto wa watu nawafukuza kwa ukali. Halafu hili nikalipima tu.

Frasila: Tulikuwa wote, Idrisa.

Mizani: Mizani ni yangu.

Kariakoo: Ile nyepesi je? Ile ya mia tano na hamsini? Si tukaichukue saa hizi?

Deus: Nimepita leo mchana. Imeshanunuliwa, imekwenda Urambo. Nilikuwa nimeshaisoma, kaka. Njia ya kumi na mbili iliandikwa ampea arobaini na mbili. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Hakunitazama alipokuwa anasema hivyo, na ingekuwa nafuu angenitazama.

Kariakoo akauliza Dar. Deus akasema amepiga simu, mzigo utapakiwa Jumapili na kufika Jumatatu. Kadi ya zamani ilishauzwa, na bila kadi mashine haitoi picha yoyote kwenye skrini. Frasila akauliza kama Jumapili inaweza kusogezwa. Haikuwezekana. Mchungaji alishatangaza, ndugu walishaondoka makwao, hata wa Tura, mchele ulishanunuliwa. Mashine ya kusaga nyuma yetu ikaendelea kunguruma, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuuza kahawa kona ile nikaona benchi langu halina nadharia.

Ndipo Advera akafika. Alikuwa anasukuma baiskeli ya marehemu, nyuma kafunga shuka jeupe lililokunjwa.

Advera: Shikamooni, wazee.

Frasila: Marahaba, binti yangu. Poleni na maandalizi.

Advera: Tumeshapoa. Mfaume, habari za hapa?

Mimi: Nzuri tu, shemeji.

Deus: Shikamoo, Mama Festo.

Advera: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi nimekukuta. Shuka la ukutani hili hapa, nimeliazima kwa Eustadia. Nilitaka unioneshe upande gani wa kanisa, tukaligongelee mapema.

Macho yetu yote yakaenda kwenye kile kipande cha saruji. Deus akasimama, mikono imejaa masizi ya mkaa.

Deus: Mama Festo, naomba unisamehe. Haitakuwepo.

Advera: Nini?

Akamweleza. Nampongeza kijana yule, hakuficha kitu na hakumtaja mtu. Alisema kadi ilitaka umeme mwingi, pawasaplai aliyoinunua ilikuwa ya uongo, na nyingine haitawahi. Mizani akaingilia akasema kosa ni lake. Mimi nikasema ni langu. Frasila akaanza habari ya wapagazi, akaishia njiani. Advera alisikiliza huku ameshika usukani wa baiskeli. Hakulia, wala hakukasirika, alikuwa na uso wa mtu anayejitahidi kuelewa somo gumu kwa adabu.

Advera: Hiyo kadi mnayosema kazi yake nini?

Deus: Picha, Mama Festo. Inaifanya picha iwe safi na kubwa, rangi zikae vizuri, majina yapite chini.

Advera: Na sauti je? Nayo inahitaji hiyo kadi?

Deus alifuta mikono kwenye suruali. Alimtazama Kariakoo, Kariakoo akatazama viatu vyake. Mzee Frasila aligeuza kikombe kitupu mkononi. Kila mmoja wetu alikuwa ameipata hesabu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kuisema.

Deus: Hapana. Sauti haihitaji.

Advera: Kwa hiyo sauti yake ipo?

Deus: Ipo kwenye diski. Hata video yenyewe ipo, ile mbichi, kabla ya kupambwa. Diski nikiitoa, kompyuta yoyote inaisoma.

Advera: Ipo tangu lini?

Deus: Tangu mwezi wa kwanza. Siku ile ile niliyowarekodi.

Advera alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa anahesabu. Nami nikahesabu naye, bila kupenda. Machi alipozikwa. Aprili yote. Ule usiku wa Pasaka wanakwaya walipoimba bila yeye na wakashindwa katikati, tulisimuliwa. Miezi yote hiyo mama huyu amepita hapa na baiskeli hii, tukampa pole, tukamwambia Jumapili ya msalaba ataona mambo.

Advera: Mimi niliomba nimsikie. Basi mlikuwa mnasubiri nini?

Hakuuliza kwa ukali. Angeuliza kwa ukali tungejitetea, sisi ni hodari wa kujitetea. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, akasubiri jibu, akamtazama mmoja baada ya mwingine mpaka akanifikia mimi. Nikainua dele nimpe angalau kahawa. Lilikuwa tupu.

Deus alipiga magoti kwenye vumbi, akafungua skrubu mbili, akatoa diski. Haikuwa kubwa kuliko daftari dogo. Mizani akanyoosha mkono kwa mazoea, halafu akaurudisha mapajani. Deus akavuka barabara mbio kwenye kompyuta ya stesheneri ya Hafsa, na simu ya Advera mkononi. Advera aliegemeza baiskeli ukutani, akakaa mwisho wa ubao, pale pale. Hakuna aliyekuwa amemwambia ni nafasi ya nani.

Deus alirudi anahema.

Deus: Nimekuwekea yote. Inaanzia mwanzo kabisa, kabla hawajaanza kuimba, yeye akiongea nao. Jumapili tutaunga kwenye spika za kanisa.

Advera akaipokea simu. Nilidhani ataiweka kwa sauti, sote tukasogea. Yeye akaibana sikioni kwa mikono miwili, akageukia ukutani. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, hatukusikia chochote. Tuliona mgongo wake tu. Ulitulia muda mrefu, halafu mabega yakapanda, polepole, yakakaa juu.

Alikuwa anavuta hewa. Frasila akavua kofia yake akaiweka magotini, nasi wengine kwenye ubao ule tukavuta pamoja naye.